Kutembea kwa viatu vya theluji Berthoud Pass hatari ikiwa daraja la 3: je, vifaa vya uokoaji vinatosha?

Mkibosho_Aurora:

Wakubwa shikamooni, na rika zangu salaam.

Ninaishi Aurora, jimbo la Colorado, na kwetu ni Kibosho. Kabla ya kuhamia Marekani nilifanya kazi ya upagazi Kilimanjaro, na baadaye nikawa mwongozaji msaidizi katika njia ya Machame, kwa hiyo baridi kali, mwinuko na safari za usiku wa manane si mambo mageni kwangu. Kazini kuna kikundi cha wenzangu wanne ambao majira ya baridi hutembea milimani kwa viatu vya theluji, na wamenialika niungane nao Jumamosi ijayo eneo la Berthoud Pass, pale barabara ya US 40 inapovuka mgongo wa milima katika mwinuko wa karibu mita 3,450. Mpango ni kuegesha gari juu, kutembea msituni kwa muda, kisha kufuata bonde lililo wazi mpaka mgongoni na kurudi kwa njia ileile.

Nimesoma taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, ambayo ndiyo taasisi ya jimbo inayotabiri maporomoko ya theluji. Inasema hatari ni daraja la 3 kati ya 5 juu ya mpaka wa miti na karibu na mpaka huo, na daraja la 2 ndani ya msitu. Wenzangu wananituliza kwa hoja nne: kwamba 3 ni katikati tu, kwamba tangu theluji ianguke mara ya mwisho zimepita siku tano na mlima umeshatulia, kwamba njia hiyo ina nyayo nyingi za watu waliotutangulia, na kwamba sisi tutapita chini ya mteremko, hatutaukanyaga. Isitoshe, kila mmoja atavaa kifaa cha mawimbi, kile kinachotuma na kupokea ishara ili aliyefukiwa apatikane, na kubeba fimbo ya kuchokolea theluji pamoja na beleshi.

Ninaomba wenye ujuzi wanieleze kama hoja hizi zina uzito. Sitaki kuwa mtu wa kuvunja safari ya wenzake kwa woga usio na msingi, lakini nina mke na mtoto mdogo, na theluji ya huku naiona ina tabia ambazo sikuwahi kuzijua kule nyumbani.

Baraka_Frisco:

Marahaba kaka, na asante kwa kuuliza mapema badala ya kuuliza ukiwa tayari maegeshoni. Mimi ninaishi Frisco na nimekuwa nikitembea milima hii wakati wa baridi tangu nilipochukua kozi ya ngazi ya kwanza ya usalama wa maporomoko, ile ya siku 3. Nitazijibu hoja za wenzako moja moja, na nitakaa zaidi kwenye ile ya siku tano, kwa sababu ndiyo inayowadanganya watu wengi wa Colorado.

Kwanza, daraja la 3 si katikati. Ngazi hizo hazipandi kwa hatua zinazolingana, maana hatari kutoka daraja moja kwenda jingine huongezeka kwa kuzidishwa. Katika daraja la 2, poromoko linaloanzishwa na binadamu linawezekana. Katika daraja la 3 linatarajiwa, na yale yanayoanza yenyewe bila mtu kugusa kitu nayo yanawezekana. Katika la 4 na la 5 watu wengi hubaki nyumbani kwa sababu dalili zinaonekana hata kwa asiyejua, lakini katika la 3 jua linawaka, anga ni buluu, theluji inang'aa, na mlima hauonyeshi chochote. Ndiyo maana vifo vingi hutokea siku za daraja hilo.

Sasa theluji yenyewe. Huku kwetu theluji ya kwanza huanguka Oktoba na Novemba, nayo huwa kidogo. Kisha hufuata majuma ya anga safi na usiku wenye baridi kali. Ardhi iliyo chini ya theluji hukaa karibu na nyuzi 0, ilhali uso wa theluji unaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Tofauti hiyo kubwa ndani ya theluji yenye kina cha nusu mita husukuma mvuke kutoka chini kwenda juu, na mvuke huo hubadilisha chembe za theluji zikawa kubwa, zenye pembe kali, zisizoshikana hata kidogo. Wenyeji huiita theluji ya sukari. Ukichimba shimo Januari kwenye mteremko unaotazama kaskazini na kuichota ile ya chini kabisa kwa glavu, haifinyangiki. Itachuruzika yote kati ya vidole vyako na utabaki na mkono mtupu.

Juu ya msingi huo, Desemba na Januari huleta dhoruba moja baada ya nyingine, na upepo huhamisha theluji kutoka upande unaopigwa na kuirundika upande uliokingwa. Theluji hiyo mpya hushikana na kuwa bamba zito. Kwa hiyo unakuwa na bamba lililotandazwa juu ya kitu kisichoweza kulishikilia. Mtu mmoja akilikanyaga mahali lilipo jembamba, tabaka la chini huporomoka, ufa hukimbia mbali kuliko unavyoweza kuona, na bamba lote huteleza kwa pamoja, wakati mwingine upana wa mamia ya mita, likiwa na mwendo unaoweza kuzidi kilomita 100 kwa saa.

Katika milima iliyo karibu na bahari, kama ile ya jimbo la Washington, theluji mara nyingi hutulia siku chache baada ya dhoruba. Hapa Colorado tabaka dhaifu la chini linaweza kudumu kwa majuma, hata miezi, na siku tano haziliponyi. Soma tena taarifa uliyoitaja, chini ya ile ramani ya rangi. Utaona wametaja aina ya tatizo, na pande za mlima ambako tatizo hilo lipo. Kama wameandika kwamba tatizo ni bamba juu ya tabaka dhaifu linalodumu, basi hoja ya siku tano imekufa. Kwa kweli sehemu hiyo ya taarifa ina faida kubwa kuliko namba ya daraja, na inanisikitisha kuona watu wanaishia kwenye namba.

Nyayo nazo hazithibitishi chochote. Zinaonyesha kwamba watu walipita na kwamba hawakugusa ile sehemu nyembamba. Mtu wa kumi anaweza kuikanyaga pale ambapo tisa waliikosa kwa nusu mita.

Hoja ya kupita chini ya mteremko ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Bamba haliwi tayari kuanguka pale tu unaposimama juu yake. Ukiwa chini kwenye tambarare, ukavunja tabaka dhaifu chini ya miguu yako, ufa unaweza kupanda mteremkoni na kuliangusha bamba lote juu yako. Tarehe 20 Aprili 2013, katika eneo la Sheep Creek karibu na Loveland Pass, si mbali na huko mnakokwenda, watu 6 walinaswa wakivuka chini ya mteremko unaotazama kaskazini, wakielekea mahali walipoamini pana usalama zaidi. Watano walikufa. Walikuwa na vifaa vya uokoaji, walijua kwamba mteremko ule ni wa hatari, na taarifa ya siku hiyo ilikuwa daraja la 3. Lilikuwa poromoko lililoua watu wengi zaidi Colorado tangu lile la Twin Lakes mwaka 1962, lililoua watu 7. Kilichonikaa moyoni katika habari ile ni kwamba wote walinaswa kwa mara moja, hivyo hakubaki hata mmoja wa kuwachimba wenzake.

Na usidhani kwamba ni watu wa skii pekee. Tarehe 8 Januari 2022, karibu na Hoosier Pass, watu wawili waliokuwa wakitembea kwa viatu vya theluji walifukiwa wakafa pamoja na mbwa wao.

Nesi_Eldoret:

Hamjambo wote. Mimi ni muuguzi wa dharura hapa Denver, na ninapenda kumjibu ndugu yetu kuhusu vifaa tu, kwa sababu naona watu wakivitegemea kwa namna ambayo havikukusudiwa.

Aliyefukiwa na theluji akitolewa ndani ya dakika 10 hadi 15 za kwanza ana nafasi nzuri sana ya kuishi, ikiwa hakuumizwa wakati wa kuburutwa. Baada ya hapo nafasi hiyo hushuka ghafla, na ikifika nusu saa wengi wao huwa wameshapoteza maisha kwa kukosa hewa safi, kwa kuwa wanavuta tena na tena pumzi walizozitoa wenyewe. Helikopta na timu ya uokoaji ya wilaya, hata zikiwahi vipi, hazitafika Berthoud Pass katika muda huo. Wa kukuokoa ni yule uliyetembea naye. Kwa hiyo kifaa cha mawimbi, fimbo na beleshi ni lazima, na vyote vitatu kwa pamoja: kifaa bila beleshi kitakuonyesha alipo mwenzako huku ukishindwa kumtoa. Theluji iliyoporomoka ikisimama hukazana kiasi kwamba mikono mitupu haiifanyi kitu, na kumfikia mtu aliye kina cha mita 1 kunaweza kuhitaji kuhamisha zaidi ya tani nzima.

Lakini kuna kundi ambalo vifaa haviwasaidii hata wakivaa vipya. Takriban robo ya wanaokufa katika maporomoko huuawa na majeraha: wamegongwa kwenye miti na miamba au wamedondoshwa magengeni. Nikisikia mtu anasema "tuna vifaa, hivyo tunaweza kupita pale," huwa ninatamani akae nami zamu moja.

Jambo moja dogo la kiutendaji, kwa sababu sijaona mtu akilitaja. Vifaa hivi hutumia masafa ya kilohezi 457, na simu, saa za kisasa na glavu zenye betri huvivuruga. Simu ikae angalau sentimita 20 kutoka kwenye kifaa wakati wa kutembea, na sentimita 50 wakati wa kutafuta. Watu huvaa kifaa kifuani na simu mfuko wa juu yake hapohapo, na hawajui kwamba wanaweza kuwa wameharibu uwezekano wa kupatikana, au wa kumpata mwenzao.

Suleiman_Innsbruck:

Salaam alaykum ndugu zangu. Nimesoma majibu na ninakubaliana nayo kwa sehemu kubwa, ila ninahofia kijana wetu ataondoka akiamini kwamba daraja la 3 maana yake ni kukaa ndani. Hapa Tirol, Austria, daraja la 3 linaweza kudumu kwa majuma katikati ya majira ya baridi, na watu wenye busara wanatembea milimani karibu kila siku. Wanachokifanya ni kubadilisha mteremko wanaokwenda.

Sayansi ya jambo hili ni rahisi kuishika. Maporomoko ya bamba karibu yote huanza kwenye mteremko wenye nyuzi kati ya 30 na 45, na mengi zaidi huanzia karibu na 38. Chini ya 30 bamba ni nadra kuteleza hata likivunjika. Juu ya 50 theluji haikai muda mrefu kiasi cha kujenga bamba kubwa, kwa kuwa hudondoka kidogokidogo kila inapoanguka. Kwa hiyo mtu anayechagua njia yenye nyuzi chini ya 30, na ambayo juu yake hakuna mteremko uliozidi nyuzi hizo, ameondoa sehemu kubwa ya hatari yake kabla hajafunga kamba za viatu. Anaweza asijue lolote kuhusu chembe za theluji na bado akarudi salama.

Namna ya kupima ni hivi. Zipo ramani za mtandaoni zinazopaka rangi kila mteremko kulingana na nyuzi zake, kuanzia manjano karibu na 27 hadi nyekundu juu ya 35. Chora njia yenu juu ya ramani hiyo, kisha usiangalie tu rangi iliyo chini ya mstari. Inua macho uangalie rangi iliyo juu yake, mpaka kwenye mgongo wa mlima. Mkiwa huko, pima tena kwa programu ya simu yenye kipimo cha mwinamo, kwa kuilaza simu juu ya fimbo ya kutembelea iliyolazwa kwenye theluji, kwa sababu ramani huficha vijiteremko vifupi. Kijiteremko cha mita 10 kinachoishia kwenye korongo jembamba kinatosha kumfukia mtu mzima, kwa vile theluji yote hukusanyika mahali pamoja na kuongezeka kina.

Ninaongeza jambo la dalili. Mkisikia kishindo kizito kilichozibwa chini ya miguu na theluji ikashuka kidogo kwa pamoja, lile ndilo tabaka dhaifu limevunjika. Mkiona nyufa zikikimbia mbele ya viatu, ni habari ileile. Mkiona poromoko jipya kwenye mteremko wa jirani unaotazama upande uleule, hamhitaji ushahidi mwingine. Katika hali hizo tatu hakuna mjadala wa kikundi. Mnarudi kwa nyayo zenu wenyewe.

Mzee_wa_Machame:

Mwanangu wa Kibosho, nimefurahi kuona kijana wa mlimani anauliza. Mimi sijui theluji ya Marekani, lakini nimeongoza Kilimanjaro miaka mingi na kuna kitu ninaweza kusema kuhusu ujuzi unaokwenda nao.

Kule kwetu tunapambana na mwinuko. Mgonjwa wa mwinuko hukupa dalili: kichwa, kutapika, kuyumba, na ukiwa mwongozaji mzuri unamshusha kabla hajaharibikiwa. Mlima unakupa saa kadhaa za kufikiri. Sehemu pekee pale ambayo haikupi muda ni Western Breach, ambako mawe hushikiliwa na barafu na barafu ikilegea mawe huachia. Januari 2006 mawe yaliyoporomoka pale yaliwaua wapandaji 3 Wamarekani, na njia ikafungwa kwa muda. Tangu hapo waongozaji makini wanaoitumia hupita alfajiri mawe yakiwa yameganda, na hawapumziki mahali ambapo jiwe linaweza kufika.

Ninachotaka ukione ni kwamba ukiwa chini ya Western Breach, pumzi nzuri na miguu imara havikusaidii. Ukubwa wa uzoefu wako wa mwinuko usikupe ujasiri ambao hauhusiani na hatari iliyo mbele yako. Najua vijana wenye kifua cha kufika Uhuru, mita 5,895, bila hata kuumwa kichwa, ambao ningewakataza kupita chini ya mawe yale saa sita mchana.

Mkibosho_Aurora:

Shikamoo mzee wangu, na ninawashukuru wote kwa moyo. Jana usiku nilifanya kama alivyoelekeza ndugu Suleiman. Njia yetu yenyewe ni laini, nyuzi 15 hadi 20 karibu safari nzima, na hilo ndilo lililowafanya wenzangu waione salama. Lakini juu ya lile bonde la wazi, upande wa kushoto tunapopanda, ramani inaonyesha ukanda mrefu mwekundu wa nyuzi 35 hadi 38 unaotazama kaskazini mashariki, na taarifa inataja upande huohuo pamoja na tabaka dhaifu linalodumu, kama alivyosema kaka Baraka. Kati ya ukanda ule na njia yetu kuna msitu mwembamba. Swali langu la mwisho ni mawili: je, msitu huo unatukinga? Na nitajuaje umbali ambao poromoko linaweza kufika kwenye tambarare?

Baraka_Frisco:

Umefanya kazi nzuri sana kaka, na umekiona chenyewe.

Msitu unakinga pale tu ambapo miti imesongamana kiasi kwamba ungepata taabu kupita katikati yake kwa skii. Miti ya mbalimbali haizuii bamba kuvunjika wala haisimamishi poromoko kubwa, na ukinaswa inakuwa vitu vya kugonga, kama alivyoeleza dada Nesi. Kuhusu umbali, miti hiyohiyo ndiyo itakayokupa jibu. Isogelee uitazame shina kwa shina. Kama upande wa kupanda mlima matawi yamevunjika au hayapo kabisa mpaka juu ya kimo cha mtu, na upande wa kushuka yapo mazima, poromoko limepita hapo. Kama kuna mistari mipana isiyo na miti inayoshuka kutoka juu, au eneo ambalo miti yote ni michanga na ina kimo kimoja huku majirani zake wakiwa wakubwa, poromoko lilifyeka hapo miaka kadhaa iliyopita. Na ukikuta magogo yamelala yote yakielekea bondeni, uko ndani ya njia yake hata kama unasimama kwenye tambarare.

Hata hivyo usiichukulie miti kuwa mpaka wa mwisho. Machi 2019 yalitokea maporomoko huku ambayo wenyeji wazee hawakuwahi kuyaona maishani mwao. Yalifyeka misitu iliyokomaa, yakashuka mpaka kwenye barabara kuu ya I-70 kati ya Frisco na Copper Mountain. Huko Berthoud Pass kwenyewe ipo njia ya poromoko inayoitwa Stanley, ambayo huvuka barabara ya US 40, na idara ya barabara hulazimika kulipua theluji kwa makusudi ili magari yapite. Mnapoendesha kupanda, mtaiona. Ule ukanda mrefu mweupe usio na mti hata mmoja katikati ya msitu mnene ndiyo wenyewe. Litazame bonde lenu kwa macho yaleyale.

Kwa maelezo uliyotoa, ningeyakataa yale mabonde ya wazi Jumamosi hii. Sehemu ya msituni mwanzoni, ikiwa haina chochote chekundu juu yake, ni matembezi mazuri na mnaweza kugeuka pale miti inapoisha. Kama kikundi kinataka siku nzima, Frisco Nordic Center ina njia za viatu vya theluji kwenye vilima vya chini kandokando ya ziwa, mbali na miteremko ya aina hiyo, na kutoka Aurora ni mwendo unaokaribiana na ule wa Berthoud.

Naelewa uzito wa kuwaambia wenzako. Wewe ni mgeni katika kikundi, wao ni wenyeji, na mtu hapendi kuonekana ndiye aliyetia ubaridi. Usiwaambie kwamba unaogopa wala kwamba wamekosea. Watumie picha ya ramani yenye mstari wa njia, na kando yake picha ya taarifa inayotaja upande uleule, kisha uliza: "Hapa tutapita wangapi kwa wakati mmoja, na nani atabaki nje kuchimba?" Majira ya 2020 hadi 2021 watu 37 walikufa kwa maporomoko Marekani, na 12 kati yao hapa Colorado, na wengi wa watu wanaonaswa huanzisha poromoko wao wenyewe au mtu wa kikundi chao. Kikundi ambacho hakiwezi kujibu swali hilo hakijajiandaa, hata kama kina vifaa vya bei ghali.

Suleiman_Innsbruck:

Nakazia la kaka Baraka kuhusu kuuliza. Katika kikundi chetu tuna kanuni kwamba mtu mmoja akisema hapana, wote tunageuka, naye haulizwi sababu mpaka tumerudi garini. Pendekeza kanuni hiyo kabla hamjaondoka nyumbani, kwa sababu mkiwa mbele ya mteremko, na mmeshatembea saa mbili, kila mtu anasubiri mwingine aseme.

Mkibosho_Aurora:

Nimewatumia picha mbili asubuhi hii, na lile swali. Wawili wamejibu kwamba hawakuwahi kuangalia juu ya njia, na mmoja ameleta hoja kwamba wameshapita hapo misimu mitatu bila tatizo. Bado tunaongea, lakini nimewaambia kwamba mimi nitakwenda msituni au Frisco, na kanuni ya mtu mmoja kusema hapana nimeipendekeza. Wangapi kati yenu mnaofanya majaribio ya vifaa pale maegeshoni, na mnayafanyaje? Sisi hatukuwa na utaratibu wowote.

Baraka_Frisco:

Sisi hufanya kila safari, na huchukua dakika chache tu. Kiongozi husogea mbele kama mita 20 akiweka kifaa chake katika hali ya kutafuta, wengine wote wakiwa wameweka vya kwao katika hali ya kutuma. Kila mmoja anampita kivyake, akiachiana nafasi na aliye nyuma, na kiongozi anahakikisha kwamba kila kifaa kinasikika na betri imejaa. Kisha kiongozi anarudisha chake katika hali ya kutuma, na mtu wa mwisho anakihakikisha. Baada ya hapo tunazika begi lenye kifaa kimoja kwenye theluji ya kando na kila mtu analitafuta, analichokoa kwa fimbo mpaka aligonge, kisha analichimbua kwa beleshi. Mara ya kwanza mkifanya hivyo pimeni muda kwa saa. Mkikuta mmezidi dakika 10 kwa begi moja, mkiwa hamjachoka na hamna hofu, fanyeni zoezi hilo siku nzima hukohuko Frisco na muache mlima.